Meli zikiongezeka bandarini, kwa nini foleni iwe ya Mandela?

Swali: "Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Tabata na nafundisha Kurasini. Kila tukisikia bandari imepokea meli kubwa, wiki hiyohiyo Barabara ya Mandela haipitiki. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na bado nachelewa kipindi cha kwanza. Wapo wanaosema malori yapigwe marufuku mchana, wapo wanaosema tusubiri reli ya kisasa, SGR, imalize kila kitu. Ukweli ni upi? Na je, nihame?"

Jibu: Nzuri, dada mwalimu, na pole kwa alfajiri hizo. Umeuliza maswali matatu, nami nitayajibu yote, ila naomba kwanza twende pamoja mpaka ufukweni.

Foleni unayokutana nayo kwenye makutano ya Tazara haikuzaliwa Tazara. Ilizaliwa baharini. Kuna miaka ambayo ukisimama Barabara ya Ocean asubuhi uliweza kuhesabu meli zilizotia nanga nje, moja nyuma ya nyingine, zikingoja nafasi gatini. Ile nayo ilikuwa foleni. Tofauti ni kwamba haikumchelewesha mwalimu wala mgonjwa. Walioumia ni wenye meli na wenye mizigo, na maumivu yao yalitufikia sote kimyakimya kupitia bei ya sukari na ya bati.

Kisha bandari ikafanyiwa kazi. Mradi ulioanza 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliimarisha magati namba 1 hadi 7, ukachimba kina hadi mita 14.5, na likajengwa gati la kushushia magari. Oktoba 2023 kampuni ya DP World ya Dubai ikasaini mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari, na mwaka uliofuata upande wa makontena wa magati namba 8 hadi 11 nao ukapata mwendeshaji mpya. Zikaja winchi zaidi, na watu wa zamu zaidi. Meli iliyokuwa ikikaa gatini siku nyingi ikaanza kuondoka mapema. Hilo ni jema, na silisemi kwa shingo upande: nchi inayochelewesha meli inajitoza kodi yenyewe.

Lakini fikiri kinachotokea nchi kavu. Makontena yaliyokuwa yakitoka melini kidogo kidogo sasa yanatoka kwa mkupuo. Upana wa geti ni uleule. Njia za Mandela ni zilezile. Bohari la mwenye mzigo kule Chang'ombe bado linafungwa jioni kama lilivyofungwa mwaka jana. Foleni haikufa, dada yangu, ilihama. Kutoka baharini iliingia yadi, kutoka yadi ikasogea getini, kutoka getini ikaja kulala mbele ya daladala yako. Kazi yangu ya miaka mingi imenifundisha kuuliza swali moja tu mbele ya foleni yoyote ya bandari: hii imetoka wapi, na tukiisukuma hapa itakwenda kukaa wapi?

Sasa tuhesabu, kwa kuwa wengi wanakosea hapa. Watu huona kontena moja wakadhani ni safari moja ya lori. Fuata kontena moja la mwenye duka Kariakoo. Lori linaingia bandarini likiwa tupu: hiyo ni safari ya kwanza. Linalipeleka kontena kwenye mojawapo ya bandari kavu, yaani yadi za makontena zilizo nje ya bandari, zilizotapakaa Kurasini, Temeke na kando ya Mandela na Nyerere: ya pili. Wakala wa forodha akishamaliza karatasi, lori jingine linakuja tupu kulichukua: ya tatu. Linapeleka mzigo bohari: ya nne. Kontena likishapakuliwa linarudishwa tupu kwenye yadi aliyoitaja mwenye meli: ya tano. Na lori linarudi mahali linapolala: ya sita. Kontena moja, safari sita, zote ndani ya jiji moja, na katika hizo sita ni mbili tu zilizobeba mzigo. Nyingine zilibeba hewa na bati.

Kwa hiyo meli ikishusha makontena 1,000 ya kubaki hapa mjini, inaweza kuzaa safari 6,000 za malori. Lakini makontena hayohayo 1,000, lori likiingia na kontena la kurudisha au la kusafirisha nje na kutoka na lenye mzigo wa kuja, na mzigo ukienda moja kwa moja kwa mwenyewe, yangeweza kuzaa safari 2,000 hivi. Meli ni ileile na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni mpangilio. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "bandari ikikua lazima jiji lisimame," huwa sikubaliani naye hata kidogo.

Kuna jambo jingine la hesabu ambalo wewe kama mwalimu utalipenda. Foleni haikui kwa mstari ulionyooka. Chukua geti lolote linalohudumia malori yanayofika bila miadi, kila dereva kwa saa anayoitaka. Likitumika kwa asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hesabu ya kawaida ya foleni utakuta wastani wa malori 4 pale, yanayohudumiwa na yanayosubiri. Likifika asilimia 90, ni 9. Likifika asilimia 95, ni 19. Umeona? Kutoka 90 kwenda 95 ni nyongeza ndogo sana ya kazi, ila foleni imezidi maradufu. Kwa hiyo unaposema "wiki ile meli moja tu iliongezeka, mbona kila kitu kiliganda?" hukosei wala huzidishi chumvi. Barabara iliyokuwa inakaribia kujaa haihitaji meli mbili ili ishindwe.

Ongeza mataa. Magari madogo yakiruhusiwa hupita kwa kufuatana kila baada ya sekunde mbili hivi. Weka semitrela mbele yao, imebeba na uzito wake wote ni makumi ya tani; kikomo cha juu kabisa cha sheria yetu ya mizani ni tani 56. Taa inageuka kijani, dereva anaingiza gia ya kwanza, breki za hewa zinaachia, gari linaanza kujivuta. Likishamaliza kuvuka na mkia wake, sehemu kubwa ya kijani imekwisha. Malori matatu ya namna hiyo yakifuatana, daladala iliyo nyuma yao inasubiri duru nyingine. Na kumbuka lile daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa 2018, lilipandisha juu magari ya Barabara ya Nyerere, ya uwanja wa ndege na mjini. Mandela ilibaki chini, kwenye mataa. Silibezi daraja lile, limeokoa saa nyingi za watu. Nasema tu kwamba aliyepandishwa juu ni abiria wa Nyerere, na njia ya malori ya bandari iliachwa palepale ilipokuwa.

Kuhusu yale mabonde ya lami kabla ya mataa, ambayo bila shaka unayajua kwa mgongo wako: hayo si lazima yawe kazi mbovu ya mkandarasi. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kwa makadirio. Ekseli yenye uzito maradufu huumiza barabara mara 16. Halafu lami ya nchi ya joto hulegea mchana, na lori linaloitesa zaidi ni lile lililosimama au linalotambaa, kwa sababu linakandamiza sehemu moja kwa muda mrefu. Foleni inaharibu barabara, na barabara iliyoharibika inaongeza foleni. Nimesimama pale Buguruni usiku na daftari, enzi zetu za kuhesabu magari kwa mkono, nikaona malori yakipunguza mwendo mpaka wa mtu anayetembea kwa sababu ya bonde ambalo malori yenyewe yalilichimba.

Sasa marufuku ya mchana. Naelewa kwa nini inavutia. Ukichelewa kipindi mara tatu kwa wiki, unataka malori yatoweke. Lakini jiji la Manila, Ufilipino, lilijaribu. Februari 2014 lilipiga marufuku malori kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, likaacha dirisha la saa chache katikati ya mchana. Barabara za mjini zilipumua kwa muda. Bandarini makontena yakaanza kurundikana, kwa kuwa yanayoingia yaliendelea kuingia na yanayotoka yakapunguzwa. Yadi zikajaa kupita kiasi, meli zikangoja nje, gharama za kusafirisha zikapaa, viwanda vikakosa malighafi. Kufikia Septemba mwaka huohuo meya Joseph Estrada aliifuta marufuku ile. Miezi saba hivi tu. Foleni ilitolewa mjini ikarudishwa baharini, na bei za vitu zikaja kuwaumiza walewale waliofurahia barabara tupu.

Usiku nao si dawa rahisi kama unavyosikika. Los Angeles na Long Beach, bandari mbili pacha za California, zilianza 2005 kutoza ada kontena linalotolewa mchana ili watu wahamie zamu ya jioni. Mizigo mingi ilihama kweli. Lakini kwa kuwa ada ilikoma saa kumi na mbili jioni, madereva walifika saa kumi na moja wakajipanga nje kusubiri saa igonge, na foleni ikazaliwa upya mlangoni mwa nafuu ileile. Mwaka 2018 wakabadilisha utaratibu: ada moja kwa zamu zote, na kila lori lije kwa miadi. Nadhani umeshaona ninakoelekea.

Kabla ya kufika huko, SGR. Hapa lazima tugawe mizigo mafungu, maana watu wanaizungumzia kama vile yote ni kitu kimoja.

Fungu la kwanza ni mzigo wa nchi jirani: Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi, Uganda. Hili halina kazi yoyote mjini. Kontena la Lubumbashi halihitaji kuiona Buguruni. Lori la Tunduma lina zaidi ya kilomita 900 mbele yake, na kipande kigumu kuliko vyote ni hizi chache za kwanza, kutoka Kurasini mpaka linapoiacha Ubungo na kuishika Morogoro Road. Kwa mzigo huu, bandari kavu ya Kwala, takriban kilomita 90 kutoka Dar es Salaam, ndiyo jibu lenyewe. Ilizinduliwa Julai 2025 pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa SGR, na ina barabara ya zege inayoiunganisha na Vigwaza kwenye barabara kuu. Kontena likishuka melini, likapanda behewa ndani ya bandari, likashuka Kwala, basi lori la Mzambia linapakia huko na kugeuza. Shaba inayokuja kutoka Kongo nayo inaweza kushushwa hapohapo. Treni moja ya mizigo ya jirani zetu wa Mombasa hubeba takriban makontena 100 ya futi 20. Ukikumbuka kwamba makontena mawili ya futi 20 yenye mzigo mzito mara nyingi hayawezi kupanda lori moja bila kukwama mzani, treni ya ukubwa huo inakuondolea mbele yako malori mengi kweli.

Ila liangalie neno "behewa." Kontena linalokwenda Kwala kwa lori limepita Tazara, Buguruni, Tabata na Ubungo kama lingine lolote. Umebadilisha mahali pa kulipia forodha, hukubadilisha foleni. Ukisikia takwimu za makontena yaliyopelekwa Kwala, uliza mangapi yamekwenda kwa reli. Hiyo ndiyo namba inayokuhusu wewe.

Fungu la pili ni mafuta, na hapa kuna funzo ambalo halisemwi vya kutosha. Bomba la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola, lilijengwa miaka ya 1960 kwa mafuta ghafi. Tangu 2023 linapeleka Zambia dizeli iliyosafishwa. Meli moja ya tani 40,000 za dizeli ni zaidi ya malori 1,100 ya lita 40,000. Malori hayo yote yangepitia jijini, na kila moja ni hatari inayotembea kati ya daladala. Hakuna barabara ya juu iliyojengwa Dar es Salaam iliyoweza kuondoa malori mengi kama bomba hilo moja lililokuwa tayari limelala ardhini. Reli ya TAZARA, iendayo Zambia, nayo ilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 2 kwa mwaka, na miaka ya karibuni imekuwa ikibeba sehemu ndogo tu ya hizo. Kila tani iliyoshindwa kupanda TAZARA ilipanda lori.

Fungu la tatu ni mzigo wetu wenyewe wa Dar es Salaam. Kariakoo, viwanda vya Chang'ombe na Ubungo, vifaa vya ujenzi. Huu SGR haitaugusa. Kuupeleka Kwala halafu kuurudisha mjini ni kumbebesha mlaji gharama mara mbili na kuongeza malori Morogoro Road. Kwa hiyo wanaokwambia usubiri reli imalize kila kitu wamesema kweli nusu. Reli ikifanya kazi yake ipasavyo itauondoa mzigo wa jirani. Wa kwetu utabaki, na huo unahitaji akili, si chuma.

Tena reli kwa amri ina machungu yake. Wenzetu wa Mombasa waliyaonja. Agizo la 2019 la kulazimisha makontena ya Nairobi na kwingineko yapande SGR lilileta maandamano, kwa sababu kazi za madereva, gereji, bandari kavu na vibanda vya chakula zilihama na mzigo. Mwaka 2022 rais mpya aliamuru huduma za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Mimi namfikiria mama anayeuza chai kwa madereva na matingo pale karibu na geti. Foleni inayokutesa wewe ndiyo inayompa yeye ada ya shule ya mtoto ambaye huenda wewe ndiye unayemfundisha. Malori yakihamia Kwala na Vigwaza, maegesho yapangwe yakiwa na nafasi za watu kama yeye tangu siku ya kwanza, kabla hawajaanza kufukuzwa kandokando ya barabara.

Ukiniuliza nichague jambo moja tu la kufanya kesho, nitachagua miadi. Lori lisisogee kuelekea Kurasini mpaka lipate saa yake kwa simu, na lisubirie nje ya mji, upande wa Kibaha, kwenye eneo lenye choo, maji na ulinzi. Anayekuja nje ya saa yake arudishwe, awe nani. Anayeleta kontena la kurudisha na kuchukua lenye mzigo apewe saa nzuri. Anayekubali kupokea mzigo bohari lake usiku apunguziwe ada. Siku za bure za kuhifadhi mzigo zikaribiapo kwisha, mzigo wa meli nzima usiachiwe ukimbilie getini siku moja, kama inavyotokea kila mtu anapokumbuka kulipa siku ya mwisho. Hakuna saruji wala fidia za nyumba katika haya. Kuna nidhamu, kompyuta zinazozungumza kati ya bandari, forodha na mawakala, na askari wa barabarani wenye orodha ileile mkononi. Ndiyo maana yanacheleweshwa: hayakatiwi utepe.

Upanuzi wa barabara sijausahau. Njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha zimesaidia sana, na lile daraja la ngazi tatu la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa 2021, limelifungua fundo baya. Lakini Mandela yenyewe, kuanzia bandarini mpaka Buguruni, ndiyo kiuno chembamba, na pembeni yake kumejaa nyumba, matangi ya mafuta na bandari kavu. Ukiipanua bila miadi, utapata maegesho mapana zaidi ya malori.

Sasa la kuhama. Usihame kwa sababu ya malori bado. Angalia kwanza kwa muda: andika kwenye daftari, kwa mwezi mmoja, saa unayopita Tazara na kama malori unayoyaona yana makontena au yana trela tupu. Ukiona mengi ni matupu, ujue shida ni mpangilio, na hiyo hubadilika. Mpe daftari hilo diwani wako, na umwombe aulize kwenye kikao ni makontena mangapi yametoka bandarini kwa reli mwezi huo. Na kama shule yako inaruhusu, omba kipindi chako cha kwanza kianze baadaye kidogo siku mbili za katikati ya wiki, upate japo asubuhi mbili za kulala hadi saa kumi na mbili.